Helikopta inawezaje kugonga theluji wakati hewa ni safi?

Habari ya helikopta iliyoanguka kwenye milima ya theluji ikifika huku Kusini mwa Tanzania, maelezo huwa ni yale yale: ukungu. Mtu wa Newala hana haja ya kuwaza kingine. Amezoea asubuhi za juu ya Uwanda wa Makonde, basi linatembea limewasha taa na mikorosho ya kando ya barabara inajitokeza mmoja mmoja. Anauchukua ukungu huo, anauhamishia Alaska, na swali analiona limekwisha kujibiwa.

Ukungu na mawingu huua marubani, hilo halina ubishi. Tarehe 26 Januari 2020, huko Calabasas, California, helikopta iliyombeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant iliingia mawinguni. Rubani aliwaambia waongozaji wa ndege kwamba anapanda, na wakati huo huo helikopta ilikuwa inashuka huku ikigeukia kushoto. Watu wote 9 walikufa. Lakini pale hapakuwa na theluji. Juu ya theluji iko ajali ya aina nyingine, nayo ndiyo inayostahili swali: rubani anagonga ardhi ingawa hakuna kilichomziba macho. Hakuna ukungu, hakuna mvua, kioo ni kisafi.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na ndege, si helikopta. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya abiria aina ya DC-10 ya Air New Zealand, ikiwa kwenye safari ya utalii Antaktika, iligonga mteremko wa Mlima Erebus na kuua watu wote 257. Kamera za abiria ziliokotwa kwenye mabaki na filamu zake zikasafishwa. Picha zilizopigwa muda mfupi kabla ya ajali zinaonyesha bahari na barafu ya pembeni bila utata wowote. Yaani abiria wa madirishani walikuwa wanaona mbali. Mbele, palipokuwa na mlima, marubani waliona weupe uliofanana na uwanda ulionyooka. King'ora cha kuonya kwamba ardhi iko karibu kililia sekunde kama 6 tu kabla ya kugonga. Kuhusu lawama, wachunguzi hawakukubaliana: ripoti ya 1980 iliwaelemea marubani, na Tume ya Jaji Peter Mahon mwaka 1981 ikasema njia ya ndege ilibadilishwa kwenye kompyuta bila wao kuambiwa. Kwamba mlima ulifichwa na weupe wake wenyewe, Mahon hakuwa na shaka, na ndiyo maelezo yanayooana na zile picha.

Mlima mzima unafichwaje kwenye hewa safi? Theluji mpya hurudisha juu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoifikia. Mbingu ikifunikwa na wingu lililotanda sawasawa, mwanga wa jua hautoki tena upande mmoja. Wingu linautawanya, theluji inaurudisha, wingu linautawanya tena, mpaka unakuja kutoka kila upande kwa nguvu ile ile. Mwanga wa namna hiyo hautupi kivuli, na bila kivuli, bonde, tuta na mteremko huwa na weupe mmoja. Tena pale hapana mti wala nyumba ya kumwonyesha rubani ukubwa wa vitu. Jicho ni zima, mwanga ni tele, ila halina pa kushika.

Anayetaka kuielewa hali hii asipande Newala, ashuke pwani. Siku za maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, asimame ufukweni Msimbati asubuhi ya mawingu membamba. Bahari imelala. Rangi ya maji na ya mbingu imekuwa moja, na ule mstari wa upeo wa macho umepotea. Mtumbwi wa mvuvi unaonekana vizuri, hata kasia linaonekana, lakini uko kama unaning'inia hewani, na huwezi kusema uko mita 300 au kilomita nzima. Mvuvi akichovya kasia na viwimbi vikasambaa, maji yanarudi kuwa maji. Sasa uondoe mtumbwi. Ondoa na mchanga uliosimama juu yake, jiweke angani ukienda kilomita 100 kwa saa, na weupe ule uwe unapanda kukufuata polepole bila wewe kujua. Marubani wanaoruka juu ya bahari nao huonywa kuhusu maji tulivu kwa sababu hiyo hiyo.

Helikopta huponzwa zaidi kwa kuwa kazi yake iko chini, karibu na ardhi, na hutua pasipo kiwanja. Tarehe 10 Septemba 1999, kwenye barafuto (mto wa barafu uendao polepole) ya Herbert karibu na Juneau, Alaska, helikopta moja iligonga barafu katika mwanga huu usio na kivuli. Ya pili ikaenda kuitafuta, nayo ikaanguka. Ikaja ya tatu, yakaikuta yale yale. Helikopta 3, barafuto moja, siku moja. Ajali moja mtu angeweza kuiita uzembe. Marubani wa zile mbili walikwenda wakijua kuna mwenzao hajarudi, na bado mwanga uliwashinda.

Hata hivyo mwanga hauachi mabaki. Wachunguzi wakifika, wingu limehama na vivuli vimerudi. Hutegemea maneno ya rubani aliyepona, picha na taarifa za hali ya hewa. Asipopona mtu, mara nyingi wanaweza kusema tu kwamba mwanga unaelekea kuwa sababu.

Si rubani ana kipimo cha urefu? Anacho. Kile cha kawaida hupima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa urefu kutoka usawa wa bahari. Kinaweza kusoma futi 5,000 kwa usahihi huku barafu ikiwa futi 4,980, kwa sababu chenyewe hakijui ardhi iko wapi. Anayejua ni rada, inayotuma mawimbi chini na kusubiri yarudi. Mwaka 2002, baada ya ajali za Juneau, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipendekeza vipimo vya rada vifungwe kwenye helikopta za abiria zinazoruka maeneo yenye mwanga wa aina hii. Lakini rada hiyo hutazama chini. Mteremko ulio mbele haiuoni mpaka uwe umefikiwa. Ndiyo maana njia ya zamani haijaachwa. Kwenye viwanja vya theluji husimikwa bendera nyeusi, na rubani asiye na alama yoyote anaweza kudondosha mfuko mweusi wenye uzito. Ukubwa wake anaujua, kwa hiyo kwa kuutazama tu anapima amebakiza kimo gani, na kama helikopta inaserereka upande kabla haijagusa chini.