Kuamsha matendo: tiba ya sonona isiyongoja hamu

Kuamsha matendo ni njia ya kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa kumrudisha mgonjwa, kidogo kidogo, kwenye shughuli alizoziacha. Wengi wakisikia kwamba kubadili mtindo wa maisha husaidia kutibu sonona, humwambia mgonjwa "jikaze" au "toka uchangamke". Maneno hayo humuumiza, na wala siyo tiba yenyewe.

Mchukue mama wa Ngamiani, Tanga, anayeuza vitumbua. Wiki mbili sasa moyo mzito kutwa, usingizi haumjii, chakula hakipiti, anajiona hana thamani. Anaacha kupika, haendi tena barazani. Kumbe kule ndiko kulikokuwa na salamu, vicheko na senti zake mwenyewe. Akivikosa, sonona inazidi. Ikizidi, anajifungia zaidi. Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Marekani, aliueleza mzunguko huu katika miaka ya 1970. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa waliotibiwa kwa kuamsha matendo peke yake walipata nafuu sawa na waliopewa pia mafunzo ya kurekebisha fikra.

Kiini chake ni hiki: katika sonona, hamu huja baada ya tendo. Anayengoja moyo utake kwanza atangoja sana. Kwa hiyo tendo hupangiwa siku na saa, nalo huwa dogo kiasi cha kuwezekana hata siku mbaya: kesho saa 1 asubuhi, kukaa barazani dakika 10. Likishazoeleka, linaongezwa jingine, pengine baiskeli jioni hadi Raskazone; Tanga baiskeli ni ya kila mtu, hakuna haja ya kulipia gimu. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, lakini mgonjwa asianzie huko. Baada ya kila tendo aandike moyo ulivyokuwa, kuanzia 0 hadi 10, kwa sababu sonona husahaulisha nafuu ndogo.

Tendo achague mwenyewe, litokane na alichokipenda. Ndugu wamsindikize. "Shoga, twende wote sokoni Mgandini, kapu nitabeba mimi" inafaa kuliko mawaidha ya saa nzima. Kulala na kuamka kwa saa zilezile husaidia pia. Pombe huishusha hali.

Njia hii ina mpaka. Sonona ikiwa kali, mtu hawezi hata kuinuka kitandani, anahitaji mtaalamu na mara nyingi dawa. Aende kituo cha afya au Hospitali ya Bombo. Aliye kwenye dawa asiziache kwa kuwa ameanza mazoezi. Na anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata kidogo: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.