Mafuta ya kupikia: tunayoambiana jikoni Kisumu, na ukweli wake

"Haya hayana kolesteroli, mimina tu."

Hii ndiyo iliyokita mizizi kuliko zote, na lebo ya chupa ndiyo inayoilea. Kolesteroli inatokana na wanyama: iko kwenye nyama, mayai, maziwa na samli. Mafuta ya mimea, yawe ya mawese, alizeti au mahindi, karibu hayana kabisa tangu asili. Kujivunia hilo ni kama muuza maji kutangaza kwamba maji yake hayana mifupa. Kinachopandisha kolesteroli kwenye damu ya mlaji ni zaidi mafuta yaliyoshiba, yale yanayopenda kuganda, na hayo mawese yanayo tele: kati ya asilimia 40 na 50, ilhali alizeti ina takriban 10. Mafuta mengi ya bei nafuu madukani kwetu ni ya mawese.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina gramu 6 hivi. Vijiko vitatu tumboni, na hujagusa chai ya maziwa wala nyama, sehemu kubwa ya kipimo imekwisha.

"Ya maji ni mepesi kuliko ya mgando." Kwa nguvu, hapana. Gramu moja ya mafuta yoyote ni kalori 9, na kijiko kikubwa ni kama 120. Aina ya mafuta inatofautiana, kalori hazitofautiani. Ndiyo maana nasema tunabishana sana kuhusu chupa na kusahau mkono unaomimina. Anayenunua ya kupimiwa kwa mashine ya mtaani huona ni kidogo, akayamaliza yote kwenye sufuria moja ya sukuma. Kijiko kingemwonyesha alichotia.

"Samaki akikaangwa kwa moto mdogo hanywi mafuta."

Ni kinyume chake, na hapa ndipo sisi wa kando ya ziwa tunapojiumiza. Ngege, yaani tilapia, mwenyewe ana mafuta kama gramu 2 tu kwa kila gramu 100 za nyama yake. Mengine yote ni ya karai. Mafuta yakiwa moto sawasawa, maji yaliyo ndani ya samaki hugeuka mvuke na kusukuma nje, na mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Yakiwa vuguvugu, mvuke ni dhaifu, samaki anakaa humo muda mrefu, anatoka amelowa. Tena sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kumwopoa: mvuke wa ndani ukipoa, unayavuta yaliyobaki kwenye ngozi. Kwa hiyo mkung'ute juu ya karai angali moto, umsimamishe kwenye chujio. Ukimlaza kwenye sahani juu ya wenzake, anayanywa yale yale yanayomchuruzika.

Na wanaoagiza samaki wa mchuzi wakidhani wamekwepa mafuta wajue kwamba mara nyingi amepita kwenye karai kwanza. Nyumbani unaweza kumtia mbichi moja kwa moja kwenye rojo la nyanya, kitunguu na dhania. Omena nao, wale dagaa wa ziwani, baada ya kuoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa kwenye sufuria kavu kabla ya kuungwa.

"Mboga bila mafuta mengi haina ladha." Mwambie hivyo bibi mzee wa Vihiga aliyepika mrenda kwa munyu wa majivu na maji tu maisha yake yote! Mboga za managu na saga hulainishwa kwa maziwa, ingawa malai nayo ni mafuta, usijidanganye. Kwa sukuma, kitunguu kikianza kushika, ongeza maji kidogo badala ya mafuta, kisha uache nyanya irojeke.

Wengine huenda upande wa pili na kuyafuta mafuta kabisa. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili mwili uzipokee, na rangi ya karoti na mboga za majani inayogeuka vitamini A hufyonzwa vizuri zaidi palipo na mafuta kidogo. Kipande cha parachichi pembeni ya sahani kinatosha kazi hiyo. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipunguziwe mafuta kwa sababu mama anapunguza uzito.

Chapati? Ulaini unatokana zaidi na maji ya uvuguvugu, kukanda vizuri na kuacha unga upumzike. Ipikwe kavu pande zote mbili, ndipo upake.

Kuku naye, mafuta yake mengi yako kwenye ngozi na chini yake. Ivue kabla ya kupika. Wageni wakinung'unika, mzee hatanung'unika, kwa maana imondo, yaani firigisi, anayotengewa ni miongoni mwa sehemu zenye mafuta kidogo kabisa.