Diklofenaki si karanga

Kila mzee anayefika kwenye dirisha langu la dawa hapa Arua, Uganda, namuuliza anameza dawa gani. Ananitajia ya presha, ya sukari, na kile kiaspirini kidogo cha moyo. Basi. "Na mgongo je, mzee wangu?" Hapo ndipo karatasi ya diklofenaki inapotoka mfukoni, imebaki vidonge viwili. "Aa, hiyo ya maumivu tu, daktari. Si dawa ya kuhesabu."

Ni ya kuhesabu, tena ningeanza nayo.

Figo za mzee hutegemea sana prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, ili mishipa yake ibaki wazi. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na ukoo wao wote huzuia prostaglandini hizo hizo. Ndiyo sababu maumivu hutulia, na ndiyo sababu figo hushikilia chumvi na maji, miguu ikavimba, presha ikapanda. Sasa mzee huyo yuko kwenye dawa ya presha kama enalaprili au losartani, pamoja na dawa ya kukojoza. Ya presha na ya kukojoza watu wengi huzimeza pamoja miaka na miaka bila shida. Mpe na diklofenaki juu yake, kisha aharishe siku mbili au ashinde shambani bila maji, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Na aspirini ikiwepo, tumbo linaweza kuvuja damu bila kuuma hata kidogo. Utaona tu choo cheusi kama lami.

Kinachonichosha zaidi ni yale yanayofuata. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu aliletwa na bintiye akiwa na dawa nne, zote za presha. Alianza na moja. Presha ilipokataa kushuka, akaongezewa ya pili, halafu ya tatu. Miguu ikavimba, akapewa ya kukojoza. Akawa anaamka mara tatu usiku kwenda chooni, na usiku mmoja akaanguka. Kiuno kikauma, na mnajua alipewa nini kwa kiuno. Katika safari yote hiyo hakuna aliyemuuliza habari ya vidonge vya magoti alivyokuwa akinunua duka la dawa tangu msimu wa kulima. Alipoviacha, wiki chache baadaye daktari wake alimpunguzia dawa mbili.

Kwa magoti anza na parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, na mzee mwembamba sana au mwenye ini bovu apewe pungufu. Ya kupaka nayo inasaidia, kwa kuwa inayoingia kwenye damu ni kidogo. Ikishindikana, njoo tuzungumze kabla hujapita dukani.

"Basi nichome sindano, hiyo haipiti tumboni." Sindano inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoifikisha tumboni na kwenye figo. Kidonda cha tumbo hakiulizi dawa imeingilia mlango gani.

"Siku ya kliniki simezi dawa, daktari aone presha yangu ya kweli." Jamani! Daktari anataka kuona dawa inavyofanya kazi. Ukija hujameza anakuta 180, anakuongezea nyingine, kesho unameza zote unaanguka njiani kwenda kisimani. Kama unapimwa sukari kabla ya kula, ya sukari ndiyo isubiri chakula. Ya presha imeze na maji, labda uwe umeambiwa vingine.

Nifedipini ya kutoka polepole, ile ya presha, haipondwi. Ukiiponda, dozi ya saa nyingi inamwagika mwilini kwa mkupuo.

Glibenklamaidi, ile dawa ya sukari, bila chakula? Hapana. Inaendelea kushusha sukari hata kama hujala, na kwa mzee mwenye figo dhaifu hukaa mwilini muda mrefu. Mzee anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, watu wa nyumbani wanasema amelogwa. Kama bado anaweza kumeza, mpeni chai yenye sukari ya kutosha upesi, kisha mleteni hata akizinduka.

Na mkija, leteni kila kitu kwenye kavera moja, yaani mfuko mmoja wa plastiki: za kliniki, za dukani, alizokopesha jirani, hata mizizi. Sitagomba. (Nitagomba kidogo.) Nataka kavera yenyewe, msiniletee orodha, kwa sababu sijawahi kuona orodha ya mzee iliyoandikwa diklofenaki.