Jamani, lile jumba la Tervuren siyo la maonesho ya 1897

Kila nikipeleka watu kwenye makumbusho ya Afrika kule Tervuren, mji mdogo jirani na Brussels, Ubelgiji, lazima atokee mmoja wa kunifundisha kwamba "hili ndo jumba la maonesho ya 1897", yale ya kimataifa ya Brussels ambayo Kongo ilioneshwa hapa Tervuren, na wote wanasimama mbele ya lile kuba, picha, picha, halafu haoo wanakimbilia tramu. Hapana jamani. Jumba lile limefunguliwa 1910, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyejimilikisha Kongo, keshakufa, na msanifu wake ni Charles Girault, huyohuyo aliyejenga Petit Palais kwa ajili ya maonesho ya Paris ya 1900.

Cha 1897 ni ile barabara ndefu ya Tervuren iliyokatwa makusudi kwa maonesho, na cha 1897 ni Palais des Colonies, jumba la jirani ambalo watu wanalipita kama halipo wakati humo ndo Leopold alipanga pembe za ndovu na mbao za Kongo ili Wabelgiji waione mali.

Halafu shukeni kwenye mabwawa. Huko vilijengwa "vijiji" na Wakongo 267 wakawekwa humo mchana kutwa watazamwe, watu wakiwarushia vyakula, na ule mwaka kiangazi chao kilikuwa cha mvua na baridi, saba wakafa. Makaburi yao yapo ubavuni mwa kanisa la Mtakatifu Yohana, pale mjini kabisa: Ekia, Kitukwa, Mibange, Mpemba, Ngemba, Nzau na Sambo. Mtu anatoka Lubumbashi au Bukavu mpaka Ubelgiji anazunguka makumbusho kwa muda wa saa tatu na hapa makaburini hafiki, hilo linaniuma.

Ila nina wasiwasi na kazi yangu pia. Hawa waliletwa watazamwe, na mimi bado nawaletea watazamaji. Ndo maana kanisani hakuna picha, tunasoma majina kwa sauti, basi.

Jumba kubwa liwe la mwisho. Ndani kuna ukuta wenye majina 1508 ya Wabelgiji waliofia Kongo enzi za Leopold, ya Wakongo hamna hata moja, sasa Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, akaandika majina ya Wakongo kwenye vioo vya madirisha ya mkabala, jua likipiga vivuli vyake vinaangukia juu ya yale ya Wabelgiji. Siku ya mawingu huoni kitu, kwa hiyo angalieni hali ya hewa kwanza ndo mnipigie.