Chini ya Dodoma hakuna bahari ya lava

Mtambo wa kuchimba kisima ukivuka mita mia bila kuona maji, hakosi mtu wa kulisema. Safari hii ilikuwa Nala, hapa Dodoma. Kompresa inanguruma, vumbi la graniti limetupaka weupe hadi kwenye kope, na mwenye kiwanja, mzee wa heshima zake, ananivuta pembeni: "Mwanangu, ishieni hapo hapo. Tusije tukatoboa tukafikia lava." Nimelisikia Ihumwa, nimelisikia Chamwino, nimelisikia kwa fundi ujenzi na hata kwa mwalimu wa jiografia. Nimechoka kulijibu kwa kupiga kelele juu ya sauti ya kompresa, kwa hiyo naliandika.

"Ukichimba sana unakuta lava."

Hukuti. Ganda la dunia hapa katikati ya Tanzania lina unene wa kilomita 40 hivi. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote aliyowahi kuchimba binadamu, la Kola kule Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989. Walikuta joto la nyuzi 180 hivi na mwamba uliowashinda kuchimba. Lava hawakuiona, na ganda lenyewe hawakulimaliza. Kisima chako cha mita 120 kisikunyime usingizi, mzee wangu.

Kubwa zaidi ni hili: hata ukilimaliza ganda, chini yake kuna koti la dunia, nalo hadi kina cha kilomita 2,900 ni mwamba. Si uji, si lava. Mwamba mgumu wa kugonga nyundo.

Kilichotuponza ni kitabu cha shule. Mchoro unaonyesha dunia iliyokatwa nusu, na koti limepakwa rangi ya moto toka juu mpaka chini. Mtoto akishaiona rangi ile, basi tena. Sehemu ya juu ya koti kwa kweli ni ya kijani. Mezani kwangu nina jiwe la kutoka Labait, kilima cha volkano karibu na Mlima Hanang. Kwa nje limefunikwa na utando mweusi wa lava iliyolibeba. Upande uliovunjika unaonyesha punje za madini ya olivini, kijani cha chupa, zimeshikana bila kuacha nafasi, na katikati yake garneti za zambarau iliyoiva, nyingine ndogo kama punje ya uwele. Hicho ni kipande cha koti lenyewe, kiling'olewa lava ikiwa njiani kupanda. (Si zumaridi, na siuzi.)

Ushahidi wa pili hauhitaji jiwe. Tetemeko likipiga Indonesia, mawimbi yake hupita ndani ya dunia na kunaswa na vipimo huku kwetu. Aina moja, mawimbi S, haiwezi kupita kwenye kimiminika. Kwenye koti inapita bila shida, ikifika kiini cha nje inakwama. Kimiminika kipo, ila kiko kilomita 2,900 chini, na ni chuma kilichoyeyuka.

Hapo ndipo linapokuja swali la maana: tunaambiwa koti linazunguka polepole, sasa kama ni mwamba, linazungukaje? Tazama barafu kuu za milimani. Ukiigonga inavunjika, lakini tani zake zikilaliana miaka na miaka inateremka bondeni bila kuyeyuka. Mwamba wa koti nao una joto la zaidi ya nyuzi 1,300. Joto hilo lingeanza kuuyeyusha kama ungekuwa juu huku, lakini shinikizo la chini linaukatalia. Badala yake fuwele zake hujipanga upya kidogo kidogo, na mwamba mzima unasogea sentimita chache kwa mwaka. Ule wa moto ni mwepesi zaidi, unapanda, uliopoa unazama. Huo ndio myuko. Kwa mwendo wa sentimita 3 kwa mwaka, kutoka sakafu ya koti hadi juu ni safari ya karibu miaka milioni 100. Mwanajiolojia Mwingereza, Arthur Holmes, alilipendekeza wazo hili mwishoni mwa miaka ya 1920, na wengi hawakumjali kwa miongo kadhaa.

Lava basi inatoka wapi? Mwamba wa moto ukipanda, shinikizo hupungua kabla haujapoa, na asilimia chache yake huyeyuka. Hiyo chache ndiyo inayotafuta njia ya kutokea. Haikuwa imehifadhiwa mahali popote ikisubiri kutobolewa.

Sasa turudi nyumbani. Chini kabisa ya koti, upande wa kusini mwa Afrika, kuna eneo kubwa la mwamba wa moto linalopanda kwa kuinamia kaskazini-mashariki, yaani kuelekea huku. Msukumo wake ni sehemu ya sababu Dodoma kuwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini graniti zetu zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na chini yake kuna mzizi wa mwamba baridi unaoshuka zaidi ya kilomita 150. Mwamba wa moto ukiukuta mzizi huo unapita pembeni, na Bonde la Ufa nalo likagawanyika mikono miwili kuuzunguka: mmoja kupitia Ziwa Tanganyika, mwingine kupitia Natron na Manyara hadi kufifia huku kwetu upande wa Bahi. Swali la lava angeniuliza mtu wa Arusha, kwenye volkano, ningemwelewa zaidi.

Kuna na mengine ninayoyasikia. "Joto la ndani linatoka kwenye jua." Joto la jua halivuki mita 20 hivi ardhini. La ndani ni mabaki ya kuumbwa kwa dunia, pamoja na joto linalotolewa na urani, thori na potasi mwambani. Ndiyo, urani ile ile waliyokuwa wakiitafuta Bahi na Manyoni.

"Mabara yanasukumwa na lava." Kinachovuta mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia vinavyobeba mabara, zaidi ni sakafu ya bahari iliyopoa, ikawa nzito na kuzama ndani ya koti.

"Sayari zote ziko hivi." Mirihi ina ganda moja lisilosogea, kwa hiyo volkano ilirundika lava mahali pamoja hadi Olympus Mons ikafika kilomita 22 hivi. Zuhura inakaribiana na dunia kwa ukubwa, lakini mabamba yanayosogea kama yetu haina.

"Hanang ililipuka." Yale ya Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, Desemba 2023, yalikuwa maporomoko: sehemu ya mlima ililowa, ikameguka. Hapakuwa na mlipuko wa volkano.

"Nyufa za ukuta wangu ni Bonde la Ufa." Bonde linapanuka milimita chache kwa mwaka, tena zikigawanywa kwenye eneo pana. Matetemeko tunayo kweli, la Novemba 2002 wengi wanalikumbuka, na kwa hayo usijenge bila mkanda wa zege wenye nondo. Lakini ufa unaopanuka kiangazi na kujifunga masika, fukua msingi kwanza. Mara nyingi utakuta udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Uondoe, jaza moramu, shindilia vizuri, ndipo uinue ukuta.