Je, wajua kwa nini aliyesomea hisabati au muziki anapokelewa shule ya sheria Marekani?

Tanzania na Kenya, kijana anayetaka uwakili huweza kuomba sheria chuo kikuu mara tu amalizapo sekondari. Marekani njia ni nyingine. Kule sheria husomwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya fani yoyote. Mwaka wa kwanza wote huanza na mikataba, jinai na madai, awe mtu katokea siasa au kilimo. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, hakipendekezi fani yoyote maalumu.

Hata mtihani wa kuingilia, LSAT, unaofanywa tangu 1948 na kupewa alama 120 hadi 180, hauulizi kifungu hata kimoja cha sheria. Unapima usomaji na uchambuzi wa hoja: dai gani halina ushahidi, hitimisho gani limelazimishwa. Aliyezoea kuthibitisha kanuni za hisabati yuko nyumbani hapo. Harry Blackmun alihitimu hisabati Harvard mwaka 1929, akasoma sheria hapohapo, na akawa jaji wa Mahakama ya Juu kuanzia 1970 hadi 1994. Hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya 1973, iliyohusu haki ya utoaji mimba, aliiandika yeye.

Ugumu uko kwenye GPA, yaani wastani wa alama za shahada ya kwanza. Kila mwaka shule hutakiwa kutangaza GPA na LSAT za kati za wanafunzi wapya, kwa hiyo huzilinda sana. Mwanafunzi wa fizikia mwenye 3.2 anaingizwa katika hesabu ileile na mwenye 3.8 ya fani nyepesi. Kwangu hilo si haki, maana jasho la maabara halionekani kwenye namba. Wapo wasomaji wa maombi wanaolizingatia, lakini anayetoka fani ngumu afanye bidii apate LSAT ya juu.

Kisha kuna insha ya kujieleza. Asiombe radhi kwa alichosoma. Aonyeshe kilivyomfikisha kwenye sheria. Mwanamuziki aliyeona nyimbo za wenzake zikirekodiwa bila mkataba ana jambo zito la kusema kuhusu hakimiliki.

Kuna mahali ambapo fani ya sayansi ndiyo sharti lenyewe: anayetaka kuwawakilisha wavumbuzi mbele ya ofisi ya hataza ya Marekani, inayotoa hati za kulinda uvumbuzi, kwa kawaida lazima awe na msingi wa sayansi au uhandisi na afaulu mtihani wa ofisi hiyo. Mhitimu wa siasa, hata awe hodari vipi, hafanyi mtihani huo bila sifa hizo.

Na aliyesoma shahada yake yote Dar es Salaam au Nairobi ajue kwamba alama zake hazigeuzwi kuwa GPA ya Kimarekani. Hupewa tathmini ya maneno, kama vile bora sana au wastani, na hapo LSAT huwa ndiyo namba kuu anayolinganishwa nayo na wenzake.