Ngozi safi haimtoi mtu kwenye hatari ya aleji

Nimeisikia tena wiki hii: "Daktari, mbona hana hata kipele? Hii haiwezi kuwa aleji." Mgonjwa mwenyewe anatapika, midomo imepauka, presha imeshuka mno, dakika kumi tu tangu aumwe na nyigu. Kweli, ngozi haina doa. Nimechoka na hiyo ngozi.

Watu wanadhani sumu ya nyigu inatembea mwilini na kuharibu kila inapopita. Kipimo kile ni kidogo mno. Mwingine angejikuna tu akaendelea na shughuli zake. Wanasayansi Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliliona hilo mwaka 1902: mbwa aliyestahimili sumu ya anemoni, mnyama laini wa baharini, alikufa wiki tatu baadaye kwa kipimo kidogo tu. Kinachosambaa ni kemikali za mwili wenyewe. Seli za masti, ambazo ni seli za kinga, zimejipanga kando ya mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, koo, mapafu, utumbo, hata moyo, zikiwa zimebeba IgE, kingamwili ya aleji, ya siku nyingi. Kichokozi kikizinasa IgE mbili jirani, kemikali iitwayo histamini na wenzake humwagwa papo hapo.

Histamini ni ileile, ila kila kiungo kina jibu lake: njia za hewa hubana, utumbo husokota, mishipa hulegea na kuvuja. Theluthi ya damu inaweza kuhama mishipani ndani ya dakika 10 bila tone kuonekana nje. Sasa hiyo ngozi mnayoiangalia: ili ivimbe na kuiva, inataka damu, na presha ikianguka ngozi ndiyo hunyimwa kwanza. Mmoja hadi wawili katika kila kumi hawaoneshi chochote kwenye ngozi.

Sindano ya adrenalini pajani, alale, miguu juu, asisimamishwe. Vidonge vya antihistamini hutuliza mwasho, presha haviinui.

Ukiniuliza shambulio lijalo litakuwa kali kiasi gani, nabahatisha. Kuna wenye IgE tele kwenye vipimo wasiopata shambulio kamwe, na wenye kidogo wanaoanguka.

Yule wa nyigu, baada ya sindano ya pili presha ilipanda, na mabaka mekundu yakamjaa tumboni. Ndugu yake akanigeukia: "Umeona? Sindano yako imemletea aleji."